Hamo

Jina lake lilikuwa Hamo.
Hamo wa Thorsgarth, bwana wa mashamba mawili na kinu cha maji,
na kanisa alimozikwa lingali pale, Lincolnshire,
ardhi imelala bapa kama mkeka
na upepo wa kaskazini hauombi radhi kwa mtu.

"Hamo," nikasoma kwenye jiwe, nikauma midomo.
Bibi yangu husema hivyo
pale sisi tuliosomeshwa tunaposema "hayumo".
Umepiga hodi, umemuulizia mwenyewe,
sauti ikajibu toka ndani: hamo.

Winifred, shangazi wa mume wangu, hakujua ninachocheka.
Amekuja na tochi, chupa ya chai,
na daftari alilolijaza kwa miaka thelathini.
Binti yangu Salha amevua glavu
anampapasa mbwa wa jiwe aliyelala miguuni pa bwana wake.
Masikio ya mbwa yameliwa na viganja vya watoto wa karne saba.
Bwana naye hana pua. Upanga umebaki kipini.
Miguu ameipishanisha
kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

Yanayojulikana ni haya.
Alitozwa nusu marki kwa kulungu asiye wake.
Alidaiwa kozi mmoja na mfalme, hakumleta,
mwaka wa pili akadaiwa wawili.
Alivuka kwenda kupigana Gaskoni juu ya farasi
ambaye karani alimwandika taratibu, kama anayeandika posa:
rangi ya kutu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe,
thamani marki kumi na mbili,
ili akifia vitani mwenyewe afidiwe.
Farasi alikufa. Mwenyewe alifidiwa.
Basi twaijua rangi ya mguu wa farasi,
na Hamo hatujui kama alikuwa mrefu,
kama alikuwa na kigugumizi,
kama aliogopa maji.

Nyumbani alimwacha Petronila na mabinti watatu:
Idonea, Letisi,
na mdogo ambaye panya walilila jina lake,
imebaki herufi M na tundu.
Mwana wa kiume, hakuna.
Shamba likakatwa mapande matatu,
jina likakosa wa kulivaa,
na hapo vitabu vya nasaba za wakubwa
vimepiga mstari: ukoo umekoma.

"Umekoma wapi," asema Winifred, "na mimi nimesimama hapa?"
Yeye aliwafuata kuukeni.
Idonea alimzaa Agneta; Agneta, mlimaji wa kukodi
aliyepona tauni, na hakuna aliyeandika kwa nini;
halafu mfuma soksi, mchoma matofali,
mpagazi wa stesheni aliyekufa na filimbi mfukoni,
hadi kwake yeye, aliyeendesha basi la shule
mpaka goti likamkatalia.
Majina mawili yameandikwa kwa penseli.
"Hapo," akiri, "niliruka mtaro gizani."

Nami nikamkumbuka bibi,
anavyotaja baba saba bila kuvuta pumzi.
Nilipomuuliza mama zao
aliniambia nikapepete mchele.

Winifred akazima tochi ndipo akasema,
kama asemaye aibu ya nyumbani:
walipoleta mabomba ya kupasha moto kanisa
waliinua kifuniko hiki. Palikuwa na mchanga,
bizimu ya shaba,
na mfupa mmoja, wa ng'ombe.
Kasisi akakirudisha kifuniko usiku uleule.
Mkewe ndiye aliyemwandikia dada yake barua.

Hapo sikuweza tena. Nilicheka mpaka mwangwi ukarudi.
Nikamweleza neno: ha, ya kukana; mo, ya ndani.
Akaniomba nilirudie. Akatoa kalamu,
si ile penseli, akaandika pembeni mwa jina,
mkono wake ukitetemeka kwa baridi au kwa kitu kingine.

Salha alikuwa amelaza shavu juu ya jiwe.
"Na mbwa," akauliza, "yumo?"